Nyota wa kike wa Bongo Movie: Anajulikana kila mtaa, filamu zake ziko wapi?

KATIKA mitaa ya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, wapo wanawake ambao majina waliyopewa na wazazi wao hayafahamiki, ilhali sura zao zinatambulika hata na watoto.

Jina la Blandina Chagula litawafanya wengi wasite, lakini likitajwa jina la Johari hakuna atakayeuliza ni nani. Yvonne Cherrie ni jina la kwenye nyaraka. Mtaani anaitwa Monalisa. Mama yake mzazi, Suzan Lewis, ambaye naye ni mwigizaji, anajulikana kwa jina la Natasha.

Hao ni miongoni mwa waigizaji wa kike waliojenga tasnia ya filamu za Kiswahili inayojulikana kwa jina la Bongo Movie. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, sura zao zilipamba kava za kanda na CD zilizouzwa kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, na kutoka hapo hadi Nairobi, Bujumbura na Lubumbashi.

Hata hivyo, kijana wa leo anayetaka kutazama filamu iliyomtambulisha Monalisa kwa nchi nzima atahangaika. Anaweza kubahatika kukuta vipande kwenye intaneti, vyenye picha iliyofifia na sauti inayokatika. Nakala safi ni adimu.

Swali ni je, inakuwaje mwigizaji apendwe na mji mzima, kisha kazi zake zitoweke akiwa bado hai na bado anaigiza?

Jibu lake haliko katika kipaji wala katika mapenzi ya watazamaji. Liko katika namna biashara yenyewe ilivyojengwa.

Kabla ya kanda za video

Wakazi wa Dar es Salaam walizoea kupenda nyota wa kike wa filamu muda mrefu kabla ya Bongo Movie. Katika majumba ya sinema ya katikati ya mji, kama Empire, Avalon, Odeon na Empress, filamu za Kihindi zilijaza viti kwa miongo kadhaa. Nargis, aliyeigiza katika Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957, alikuwa kipenzi cha watu wasiojua neno moja la Kihindi.

Filamu za nyumbani zilikuwa chache. Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC) mwaka 1968, lakini kutengeneza filamu kwa mkanda wa sinema kulihitaji fedha nyingi na vifaa kutoka nje. Katika miaka hiyo jina la kike lililong'ara ni la Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliigiza katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na baadaye katika Maangamizi ya mwaka 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni.

Filamu hizo ziliheshimiwa, lakini hazikufika mitaani. Mwananchi wa kawaida alisikiliza michezo ya redio. Twende na Wakati, uliorushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1993, ulimfanya Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu kuwa kama majirani wa kila msikilizaji.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1994, televisheni za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa nayo. Vituo vipya vilihitaji vipindi vya Kiswahili, na vikundi vya maigizo vilihitaji mahali pa kuonekana. Vikakutana.

Kupitia ITV, mchezo wa Mambo Hayo uliwatambulisha Natasha na mwanawe Monalisa. Kikundi cha Kaole nacho kikaleta michezo kama Jahazi, Dira na Zizimo, na kuwatoa akina Johari, Vincent Kigosi maarufu kama Ray, Steven Kanumba, na mtoto mdogo Elizabeth Michael, ambaye nchi ilimjua kwa jina la Lulu.

Televisheni ilileta kitu ambacho jumba la sinema halikuweza kukileta. Nyota wa Kihindi alikuwa mbali, juu ya pazia kubwa. Nyota wa Kaole aliingia sebuleni kila wiki, akizungumza Kiswahili cha mtaani, akiwa amevaa kitenge kama cha jirani. Ndiyo maana watu walimwita kwa jina la mhusika. Kwao hakuwa mgeni aliyeigiza, bali mtu waliyemfahamu matatizo yake ya ndoa.

Girlfriend yafungua mlango

Mwaka 2003 ilitoka filamu iliyoitwa Girlfriend. Iliongozwa na George Otieno Tyson, mzaliwa wa Kenya aliyefanya kazi zake Dar es Salaam, na ilimkutanisha Monalisa na wanamuziki wa Bongo Fleva, akiwamo TID.

Filamu za video zilikuwapo kabla yake. Shamba Kubwa ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990, na nyingine zilifuata. Lakini Girlfriend iliunganisha mambo mawili yaliyokuwa yakipendwa na vijana wa wakati huo: nyota wa televisheni na muziki wa kizazi kipya. Ilionyesha kwamba Mtanzania yuko tayari kutoa fedha mfukoni kununua hadithi yake mwenyewe.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Waigizaji wa Kaole waliacha michezo ya wiki na kugeukia filamu. Nyumba za Sinza, Kijitonyama, Mikocheni na Mbezi zikageuzwa kuwa maeneo ya kupigia picha. Maktaba za video zikazagaa uswahilini, zikikodisha kanda kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu.

Kwa wale wasiokuwa na televisheni nyumbani, kulikuwa na vibanda umiza vya Manzese, Tandika na Mbagala. Humo watu walibanana kwenye mabenchi kutazama filamu za Marekani, China na Nigeria, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, aliyegeuza kazi ya kutafsiri kuwa burudani kamili.

Mji wenyewe ulikuwa katika mabadiliko. Uchumi ulikuwa umefunguliwa, watu wakimiminika kutoka mikoani, wengine wakitajirika ghafla na wengine wakibaki palepale. Mambo ambayo awali yaliamuliwa na wazee, kama nani amuoe nani na nani arithi nyumba, sasa yaliamuliwa pia na fedha.

Mwigizaji wa kike ndiye aliyebebeshwa mzigo wa hadithi hizo. Alikuwa mke mvumilivu anayenyanyaswa na mama mkwe, au binti wa kijijini anayepotezwa na mji, au tajiri anayewavunjia wenzake ndoa. Mtazamaji wa Temeke alilia naye au akamlaani, lakini katika hali zote mbili alikuwa anazungumzia maisha yake mwenyewe.

Somo kutoka Japani

Hali ya namna hiyo haikuanzia Dar es Salaam. Japani, baada ya kushindwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwaka 1945, ilikuwa na mwigizaji aliyependwa kuliko kawaida, Setsuko Hara. Naye pia jina hilo halikuwa la kuzaliwa. Alizaliwa Yokohama mwaka 1920 na kuitwa Masae Aida, akaanza filamu mwaka 1935 akiwa kijana mdogo.

Miji ya Japani ilikuwa imeungua kwa mabomu, na familia zilikuwa zikijiuliza ni mila zipi zibaki na zipi ziachwe. Hara akawa sura ya swali hilo. Mwaka 1946 aliigiza katika filamu ya Akira Kurosawa akiwa binti anayeshika msimamo wake bila kujali gharama. Baadaye alifanya filamu 6 na mwongozaji Yasujiro Ozu, na katika 3 kati ya hizo aliigiza mwanamke mwenye jina moja, Noriko.

Katika Tokyo Monogatari ya mwaka 1953, wazee wawili wanatoka mkoani kwenda kuwatembelea watoto wao mjini. Watoto wa kuzaa hawana nafasi nao. Anayewatunza ni Noriko, mkwe aliyefiwa na mume vitani. Mtu yeyote mwenye wazazi Singida au Kagera na chumba cha kupanga Mwananyamala anaielewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa.

Hara aliigiza filamu yake ya mwisho mwaka 1962. Ozu alifariki dunia Desemba 12, 1963, na tangu wakati huo mwigizaji huyo alijifungia katika mji wa Kamakura, akikataa mahojiano na wapiga picha kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki Septemba 2015 akiwa na umri wa miaka 95, na habari za kifo chake zilitangazwa Novemba mwaka huo.

Kwa miaka yote hiyo hakuonekana hadharani, lakini filamu zake ziliendelea kuonyeshwa. Mwaka 2012 waongozaji wa filamu kutoka nchi mbalimbali, katika kura iliyoendeshwa na jarida la Sight & Sound la Uingereza, waliichagua Tokyo Monogatari kuwa filamu bora kuliko zote.

Hilo liliwezekana kwa sababu kampuni iliyoitengeneza, Shochiku, ilihifadhi nakala zake, na kwa sababu tangu mwaka 1952 Japani ilikuwa na maktaba ya filamu chini ya jumba la makumbusho la taifa. Mwaka 2018 maktaba hiyo ikawa taasisi kamili inayojitegemea.

Si kwamba Wajapani hawakupoteza kitu. Sehemu kubwa ya filamu zao za kabla ya vita haipo tena. Hasara hiyo inaonyesha kwamba filamu hudumu pale tu ambapo mtu, kampuni au taasisi inajua kuwa ni jukumu lake kuitunza.

Fedha mara moja, haki zote zimekwenda

Katika Bongo Movie, jukumu hilo halikuwa la mtu yeyote.

Biashara ilikwenda hivi: mtayarishaji alitafuta fedha, akawakusanya waigizaji, akapiga picha kwa siku chache, kisha akaenda Kariakoo kwa msambazaji akiwa na nakala kuu. Msambazaji aliinunua kwa mkupuo pamoja na haki zote. Kuanzia hapo filamu ilikuwa mali yake, naye ndiye aliyechapisha kava, akatoa nakala na kuziuza nchi nzima.

Mwigizaji alilipwa na mtayarishaji mara moja, kwa makubaliano ambayo mara nyingi hayakuandikwa. Iwe filamu imeuza nakala elfu moja au laki moja, malipo yake yalikuwa yaleyale. Hakuwa na sehemu katika mauzo ya baadaye, wala katika malipo ya televisheni.

Sura yake ndiyo iliyouza. Msambazaji alitazama kwanza nani yuko kwenye kava, kisha ndipo akapanga bei. Filamu nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili kwa hadithi moja. Kwa hiyo thamani ya jina la Johari au Monalisa ilikuwa halisi kabisa, lakini ilihesabiwa katika daftari la mtu mwingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilikuwa imekwishatungwa wakati biashara hiyo inapamba moto. Lakini haki ambayo mtu amekwisha kuiuza yote kwa mkupuo ni vigumu kuidai tena, na mkataba wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha mbele ya hakimu.

Juu ya hayo wakaja maharamia. CD moja halali ilizaa mamia ya bandia, nyingine zikiwa na filamu zaidi ya 10 katika sahani moja. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu kwa lengo la kutenganisha halali na haramu. Aprili 2017 baadhi ya wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kiholela kwa bei ya kutupa. Wakati huo tayari soko la CD lilikuwa linakufa, kwa sababu watazamaji walikuwa wamehamia kwenye simu na ving'amuzi.

Msambazaji aliyeona CD hazinunuliwi tena hakuwa na sababu ya kibiashara ya kutunza nakala kuu za miaka 10 iliyopita.

Doa la kiufundi

Kuna tatizo jingine ambalo fedha peke yake haziwezi kulimaliza. Filamu za Hara zilipigwa kwenye mkanda wa sinema. Picha iliyomo katika mkanda huo ina maelezo mengi kiasi kwamba leo inaweza kusafishwa kwa teknolojia ya dijitali na kuonekana vizuri kuliko ilivyoonekana miaka 50 iliyopita.

Filamu za Bongo zilipigwa kwa kamera za video, na nyingi zilimfikia mtazamaji katika sahani ya VCD. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288, yaani nukta zipatazo 101,000. Picha ya kawaida ya televisheni za kisasa ina nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni 2. Ni tofauti ya takriban mara 20.

Maana yake ni kwamba kama kanda iliyotoka kwenye kamera imepotea na imebaki VCD tu, hakuna fundi atakayeweza kurudisha uso wa mwigizaji kama ulivyokuwa siku ile. Kanda za video nazo zina sumaku inayochoka, hasa katika joto na unyevu wa Pwani. Kila mwaka unaopita hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Mapenzi yasiyo na shaka

Kwamba mji uliwapenda watu hawa si jambo la kubishaniwa. Steven Kanumba alipofariki dunia Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, shughuli katika sehemu kubwa ya mji zilivurugika. Maelfu kwa maelfu walijitokeza Aprili 10 katika viwanja vya Leaders Club kumuaga, wengine wakizimia, kabla ya maziko katika makaburi ya Kinondoni.

Mei 2014 ilikuwa nzito zaidi. Katika muda wa wiki mbili tasnia iliwapoteza Adam Kuambiana, mwigizaji Rachel Haule na mwongozaji wa Girlfriend, George Tyson, aliyefariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Mji uliomboleza kila mmoja wao.

Lakini umati wa msibani hauhifadhi filamu. Aliyelia Leaders Club alikwenda nyumbani na CD ambayo baada ya miaka michache ilijaa mikwaruzo, na mashine ya kuichezea nayo ikaharibika.

Waigizaji wa kike walikuwa na mzigo wa ziada. Magazeti ya udaku yaliuza nakala kwa kufuatilia ndoa na uchumba wao. Mwanamke aliyeigiza kahaba aliulizwa mtaani kama ndivyo alivyo. Jina la mhusika lililompa umaarufu ndilo lililomfuata sokoni na msibani, na mara nyingi watu walikumbuka kashfa zaidi ya filamu.

Kinachobadilika

Wapo walioelewa mapema kwamba mwenye filamu ni mwenye haki zake. Johari alishirikiana na Ray kuanzisha RJ Company, herufi hizo zikiwa za majina yao mawili. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, aliingia katika uigizaji na baadaye akawa na kampuni yake, Endless Fame.

Heshima ya nje nayo imekuja. Mwaka 2016 filamu ya Mapenzi ya Mungu, iliyoigizwa na Elizabeth Michael, ilishinda tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki katika tuzo za AMVCA nchini Nigeria. Mwaka 2018 Monalisa alitunukiwa nchini Ghana akiwa mwigizaji bora wa kike.

Njia za kuuza pia zimeongezeka. Chaneli za Kiswahili za ving'amuzi zinanunua filamu na tamthiliya kwa mikataba ya maandishi. Binti ya Seko Shamte, iliyotengenezwa mwaka 2021 na kubeba hadithi za wanawake wa Dar es Salaam, ilifika hadi Netflix. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka huohuo, ilipelekwa Oscar, ikiwa ni mara ya pili kwa Tanzania tangu Maangamizi.

Filamu hizi mpya zina nafasi nzuri ya kudumu kwa kuwa nakala zake ziko katika maghala ya dijitali zaidi ya moja na wenye haki wanafahamika. Zilizo hatarini ni zile za kati ya mwaka 2000 na 2012, ambazo ndizo zilizoijenga tasnia.

Hatua za kuziokoa si za ajabu. Ya kwanza ni orodha: filamu gani zilitengenezwa, na nani, na nani anashikilia haki. Bodi ya Filamu, ambayo hukagua filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na Ofisi ya Hakimiliki ndizo zilizo karibu zaidi na kumbukumbu hizo. Ya pili ni kuzitafuta kanda kwa watayarishaji, wapiga picha na waliokuwa wenye maktaba za video, kisha kuzinakili kabla sumaku haijafa. Ya tatu ni mkataba unaompa mwigizaji sehemu ya mapato kila kazi yake inaporushwa, ili aliyeifanya filamu ipendwe awe na sababu ya kuilinda.

Hatua ya pili ndiyo isiyoweza kusubiri. Mkataba mzuri unaweza kuandikwa hata mwaka kesho, lakini kanda iliyooza stoo Sinza au Tandika haina nakala nyingine ya kuagizwa popote.